Jiometri Tofautishi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Wanaotarajia Kuisoma

Majibu haya ni kwa anayefikiria kulichukua somo hili chuoni na anataka kujua anaingia wapi. Hayalingani kwa urefu. Maswali mengine yanahitaji nafasi, mengine yanaisha kwa sentensi mbili.

Jiometri tofautishi ni somo la nini hasa?

Ni jiometri ya vitu vilivyopinda, na chombo chake kikuu ni kalkulasi. Jiometri ya Euclid hushughulika na mistari iliyonyooka, pembetatu, maduara na mabapa. Ukitoka hapo ukakutana na mstari unaokata kona polepole, au uso unaobonyea hapa na kutuna pale, rula na bikari hazikufikishi mbali. Kalkulasi hukuwezesha kuisogelea nukta moja mpaka uso uonekane bapa, kisha kupima uso huo unaliacha bapa kwa haraka kiasi gani kadiri unavyoondoka kwenye nukta. Kipimo hicho ndicho mpindo.

Hiyo ni nusu ya somo. Nusu ya pili, ambayo kwangu ndiyo tamu zaidi, ni kuvikusanya vipimo vya nukta moja moja na kuuliza vinasema nini juu ya umbo zima: lina matundu mangapi, linajifunga au linaendelea bila mwisho, linaweza kulazwa kwenye bapa au haliwezekani.

Mpindo wa mstari unapimwaje?

Tuanze na duara. Duara dogo hupinda kwa ukali, duara kubwa hupinda kwa upole, kwa hiyo mpindo wa duara lenye nusukipenyo R umewekwa kuwa 1/R. Mstari ulionyooka una mpindo 0. Mstari mwingine wowote uliopinda, ukiusogelea kwenye nukta moja, utakuta kuna duara linaloulalia vizuri kuliko maduara mengine yote. Mpindo wa duara hilo ndio mpindo wa mstari mahali pale.

Mstari ukitoka kwenye karatasi na kuingia katika dimensheni tatu, kipimo kimoja hakitoshi. Unahitaji pia msokoto, yaani kasi ambayo mstari unalitoroka bapa unalolilalia. Chukua mstari wa springi (3 cos t, 3 sin t, 4t). Ukiukokotoa utapata mpindo 3/25 na msokoto 4/25, na namba hizo hazibadiliki popote utakaposimama juu yake. Fomula za Frenet (1847) na Serret (1851) ndizo zinazotufikisha kwenye tokeo zuri: ukijua mpindo na msokoto kwa kila hatua ya urefu, na mpindo usiwe 0 popote, umeujua mstari wote, isipokuwa mahali ulipowekwa na upande ulikoelekezwa.

Wahandisi wa reli hulitumia jambo hili kila siku. Treni ikitoka kwenye reli iliyonyooka na kuingia moja kwa moja kwenye tao la duara, mpindo unaruka ghafla kutoka 0 hadi 1/R, na abiria wanatupwa ubavuni. Ndiyo maana katikati huwekwa kipande cha reli ambacho mpindo wake unaongezeka sawasawa na umbali. Euler aliuchunguza mstari wa aina hiyo katika karne ya 18, kabla hata treni ya mvuke haijatembea.

Na mpindo wa uso je?

Simama kwenye nukta ya uso. Simamisha vekta iliyo wima juu ya uso mahali hapo, kisha ukate uso kwa mabapa yanayopita kwenye vekta hiyo. Kila bapa linakupa mstari, na kila mstari una mpindo wake. Euler alionyesha kwamba mpindo mkubwa kuliko yote na mdogo kuliko yote hutokea katika pande mbili zinazokutana kwa pembe mraba. Zidisha mipindo hiyo miwili, umepata mpindo wa Gauss, ambao huandikwa K.

Kwa tufe, K ni 1/R² kila mahali. Kwa silinda, upande mmoja umepinda na mwingine umenyooka, hivyo K ni 0. Kwenye uso wenye umbo la tandiko, upande mmoja unapanda na mwingine unashuka. Alama zinapingana, na K inakuwa hasi.

Ukitafuta wastani wa mipindo miwili badala ya kuizidisha, unapata mpindo wa wastani. Huo ndio unaotawala utando wa sabuni uliotandazwa kwenye fremu ya waya: utando hujivuta ili eneo lake liwe dogo, na matokeo yake mpindo wa wastani unakuwa 0 kila mahali. Nyuso za namna hiyo zina tawi lao zima, na ukipenda michoro utapotelea humo.

Kwa nini wahadhiri huisifu sana thiorema moja ya Gauss?

Kwa sababu inapingana na namna tulivyoipata K. Rudia aya zilizotangulia: tulisimama nje ya uso, tukachomeka vekta, tukakata kwa mabapa. Kila hatua ilihitaji nafasi ya dimensheni tatu inayouzunguka uso. Kisha mwaka 1827 Gauss akawasilisha uchunguzi wake juu ya nyuso zilizopinda na kuthibitisha kwamba K inaweza kukokotolewa kwa kutumia urefu unaopimwa juu ya uso wenyewe peke yake. Mipindo miwili ya Euler, kila mmoja kwa nafsi yake, inategemea namna uso ulivyokaa katika nafasi. Zao lake halitegemei. Gauss hakuwa mtu wa kujisifu ovyo, lakini matokeo haya mwenyewe aliyaita thiorema ya pekee, na jina la Kilatini alilolitumia, Theorema Egregium, limebaki hadi leo. Inafaa kukumbuka kuwa katika miaka ya 1820 alikuwa akiongoza upimaji wa ardhi ya Hannover. Kupima umbali na pembe juu ya uso wa dunia hakukuwa jambo la kufikirika kwake.

Matokeo yake yanagusa mambo mengi. La kwanza ni ramani. Tufe lina K ya 1/R², bapa lina K ya 0, na kwa kuwa K inafuata urefu, hakuna ramani bapa inayoweza kutunza umbali wote sawasawa, hata ya eneo dogo. Mchora ramani anaweza tu kuchagua atapoteza nini. Ramani ya Mercator ya mwaka 1569 inatunza pembe, jambo lililowafaa mabaharia, lakini inalipia kwa maeneo: Greenland inaonekana kukaribiana na Afrika, ilhali Afrika ni kubwa kuiliko mara 14 hivi.

La pili unaweza kulijaribu sasa hivi. Shika karatasi kwa ukingo mmoja na uiache; inaning'inia. Sasa ipinde kidogo kwa upana wake hapo unapoishika. Inajinyoosha mbele na hata inabeba kalamu. Karatasi haivutiki, kwa hiyo urefu wowote unaopimwa juu yake haubadiliki, kwa hiyo K yake lazima ibaki 0. Ukishaipinda kwa upana, mpindo mmoja si 0 tena. Ili zao libaki 0, ule wa pili hauna ruhusa ya kuondoka kwenye 0. Karatasi haiwezi kuinama mbele bila kwanza kunyooka kwa upana. Bati la migongo hupata ugumu wake kwa hoja hiyo hiyo.

Nikiwa ndani ya uso, bila kutoka nje, nitajuaje kwamba umepinda?

Njia ni nyingi. Tatu kati yake ni rahisi kuzishika.

Chora pembetatu. Ondoka Ncha ya Kaskazini ushuke hadi ikweta, geuka nyuzi 90, tembea robo ya ikweta, geuka tena nyuzi 90, urudi nchani. Umechora pembetatu yenye pembe mraba tatu, jumla nyuzi 270 badala ya 180. Ziada ya nyuzi 90, ambayo ni π/2 kwa radiani, ukiizidisha kwa R² unapata eneo la pembetatu: πR²/2, yaani moja ya nane ya tufe. Kila pembetatu ya tufe ambayo pande zake ni matao ya maduara makuu inatii kanuni hiyo.

Au chora duara. Kwenye bapa, duara la nusukipenyo cha kilomita 1,000 lina mzingo wa kilomita 6,283. Ukilichora duniani, nusukipenyo kikipimwa juu ya ardhi, na dunia ikichukuliwa kuwa tufe la nusukipenyo cha kilomita 6,371, mzingo unatoka kilomita 6,257. Kilomita 26 hivi zimepungua. Upungufu huo, kwa maduara madogo, unakaribia πKr³/3, kwa hiyo ukiupima umeipima K. Kwenye tandiko, mzingo unazidi badala ya kupungua.

Njia ya tatu ndiyo itakayokufuata hadi mwisho wa masomo yako. Beba mshale mkononi kuizunguka ile pembetatu ya kwanza, ukiuhamisha kila hatua sambamba na ulivyokuwa, bila kuuzungusha. Ukirudi nchani utaukuta umegeuka nyuzi 90, ingawa hakuna mahali ulipougeuza. Levi-Civita aliueleza uhamishaji huu sambamba kwa ukamilifu mwaka 1917, na katika dimensheni za juu ndio unaotumika kufasili mpindo wenyewe.

Kuna tokeo moja ambalo linastahili kulisubiri muhula mzima?

Gauss–Bonnet. Chukua uso wowote uliojifunga, jumlisha K juu ya eneo lake lote, na jibu ni 2π mara namba ya Euler ya uso huo. Namba ya Euler unaipata kwa kuugawa uso kuwa pembetatu, ukahesabu vipeo, ukatoa kingo, ukaongeza sura. Kwa tufe ni 2, na kweli (1/R²) mara 4πR² ni 4π. Sasa libonyeze tufe, livute, litengenezee nundu. K inabadilika kila mahali. Jumla haibadiliki hata kidogo. Ukiongeza mpindo chanya kwenye nundu, mpindo hasi unajitokeza shingoni mwake na kufidia.

Upande mmoja wa mlinganyo una kalkulasi, mwingine una kuhesabu moja, mbili, tatu. Sijakutana na mwanafunzi aliyeuelewa mlinganyo huo na akaendelea kusema kwamba somo hili ni fomula tupu. Bonnet alichapisha umbo lake la thiorema mwaka 1848, na mwaka 1944 Shiing-Shen Chern akatoa uthibitisho wa dimensheni za juu ambao hautoki nje ya umbo lenyewe.

Niwe nimesoma nini kabla ya kuanza?

Kalkulasi ya vigeu vingi na aljebra ya mstari. Hizi mbili hazina mbadala.

Katika kalkulasi, hakikisha kanuni ya mnyororo unaitumia bila kusita, intigrali mbili mbili hazikutishi, na unafahamu thiorema ya funksheni kinyume inasema nini (uthibitisho wake unaweza kungoja). Katika aljebra ya mstari, usiridhike na kuzidisha matriki. Unatakiwa kujua kwamba matriki ni picha ya kitendo fulani baada ya kuchagua besi, na kwamba ukibadilisha besi picha inabadilika lakini kitendo ni kile kile. Anayelishika hilo mapema hupata nafuu kubwa. Mipindo miwili ya Euler, kwa mfano, ni thamani aigeni za matriki fulani ya mbili kwa mbili, na K ni ditaminanti yake.

Milinganyo tofautishi inasaidia, hasa kujua kwamba mlinganyo wa kawaida ukipewa mwanzo huwa na jibu moja tu. Lile tokeo la mpindo na msokoto kutosha kuujua mstari linatoka hapo.

Topolojia je?

Kwa kozi ya mistari na nyuso, hapana. Kwa kozi ya manifoldi, ndiyo: uwe unajua seti wazi, mwendelezo, na maana ya seti kushikamana na kuwa kompakti.

Vyuo vingine huanza na mistari na nyuso, vingine huingia moja kwa moja kwenye manifoldi. Nichague ipi?

Anza na mistari na nyuso, hata kama chuo hakikulazimishi. Wapo wanaosema huko ni kupoteza muda kwa kuwa nadharia ya jumla inayameza yote. Inayameza kweli, lakini mwanafunzi aliyeanzia juu mara nyingi anaweza kukariri fasili ya mpindo wa Riemann na asiweze kukuambia ni sehemu gani ya bangili yenye mpindo hasi. Kama ratiba yako inakulazimisha kuanza na manifoldi, tenga wiki chache za likizo ujisomee nyuso katika dimensheni tatu.

Manifoldi ni kitu gani?

Ni umbo ambalo kila kipande chake kidogo kinaweza kuwekewa majiranukta, bila sharti kwamba umbo zima liwekewe majiranukta mamoja. Uso wa dunia ni mfano wa mwanzo: longitudo na latitudo zinafanya kazi karibu kila mahali, lakini nchani longitudo haina maana. Suluhisho ni kuwa na ramani nyingi zinazopishana, na kanuni ya kuhama kutoka ramani moja hadi nyingine bila kukwaruza kalkulasi.

Wazo hilo lina tarehe. Tarehe 10 Juni 1854, huko Göttingen, Riemann alitoa mhadhara wa kumwezesha kufundisha chuoni. Alikuwa amependekeza mada tatu. Gauss, aliyekuwa mzee wakati huo, akachagua ya tatu, juu ya misingi ya jiometri. Riemann aliichukua ile hoja ya mwaka 1827, kwamba mpindo unaishi ndani, akaipeleka katika dimensheni zozote: nafasi haihitaji kukaa ndani ya nafasi nyingine ili iwe imepinda. Mhadhara wenyewe ulikuwa na fomula chache mno, na ulichapishwa mwaka 1868, miaka miwili baada ya kifo chake.

Usidhani manifoldi lazima iwe kitu cha kuchorwa. Namna zote za kukiweka kitu kigumu kikiwa kimezungushwa zinaunda manifoldi ya dimensheni 3. Mkono wa roboti wenye viungo 6 vinavyozunguka una mikao inayounda manifoldi ya dimensheni 6, na kuusogeza mkono huo kutoka mkao mmoja hadi mwingine ni kuchora njia juu ya manifoldi hiyo.

Nimeona kurasa zilizojaa fahirisi za juu na za chini. Lazima nizipitie?

Lazima, lakini si siku ya kwanza, na hazina ubaya unaodhaniwa. Fahirisi ni uhasibu. Zinakumbusha kila namba itabadilika vipi ukibadilisha majiranukta, ili uweze kutenganisha kilicho cha umbo na kilicho cha majiranukta uliyoyachagua.

Mfano mfupi unaonyesha kwa nini utenganisho huo ni wa lazima. Metriki ni kanuni ya kupima urefu mdogo. Kwenye bapa, kwa majiranukta ya kawaida, ni ds² = dx² + dy². Kwa majiranukta ya umbali na pembe inakuwa ds² = dr² + r² dθ². Ya pili ina kizidishi kinachobadilika kutoka nukta hadi nukta, na anayeiona mara ya kwanza hudhani uso umepinda. Haujapinda; ni bapa lile lile. Ukiandika ds² = dr² + sin² r dθ² badala yake, sasa uko juu ya tufe la nusukipenyo 1. Kwa macho, r² na sin² r hazielezi lolote. Tensa ya mpindo ndiyo inayokuambia: ya kwanza inatoa 0, ya pili inatoa 1. Na ds² = (dx² + dy²)/y², kwenye nusu ya bapa iliyo juu ya jira ya x, inatoa −1 kila mahali. Hilbert alithibitisha mwaka 1901 kwamba uso huo wote, ukiwa kamili na laini, hauwezi kukaa katika nafasi yetu ya dimensheni tatu. Upo, unakokotoleka, lakini hutaushika mkononi.

Ushauri wangu ni kukokotoa vizidishi vya Christoffel, yaani namba zinazoonyesha jinsi vekta za besi zinavyobadilika kutoka nukta hadi nukta, kwa mkono kwa metriki tatu hizo. Ni kazi ya jioni chache, na baada yake kurasa zile zitasomeka.

Sina kipaji cha kuona maumbo kichwani. Nitaweza?

Ndiyo. Katika dimensheni nne na kuendelea hakuna anayeona. Wote tunakokotoa, tunachora kipande, tunalinganisha na dimensheni mbili. Chora sana, hata vibaya.

Somo hili linatumika wapi nje ya hisabati?

Mfano mkubwa ni nadharia ya uhusianifu ya jumla. Mwaka 1912 Einstein alikuwa na wazo la kifizikia lakini hana hisabati yake, akamwendea Marcel Grossmann, aliyewahi kusoma naye. Grossmann akamwonyesha kuwa hisabati ilikuwa tayari: Riemann, Christoffel, kisha Ricci na Levi-Civita walikwisha kuijenga kwa sababu zao wenyewe. Novemba 1915 milinganyo ikakamilika. Humo mvutano si nguvu inayovuta kwa kamba isiyoonekana. Maada inapinda nafasi na wakati, na sayari inafuata jiodesi, njia iliyonyooka kadiri mpindo unavyoruhusu. Jaribio la kwanza lilikuwa sayari ya Zebaki (Utaridi), ambayo obiti yake ilikuwa ikijizungusha kwa sekunde 43 za tao kwa karne zaidi ya zilizoelezwa na Newton. Nadharia mpya ikatoa zile 43.

Simu inayokuonyesha ulipo inategemea hesabu hiyo pia. Saa za satelaiti za GPS, ukijumlisha athari ya mwendo na ya mvutano, hutangulia saa za ardhini kwa takriban mikrosekunde 38 kwa siku, na zisingerekebishwa makosa ya mahali yangefikia kilomita kadhaa ndani ya siku moja.

Kwingineko: programu za michoro ya kompyuta hukadiria mpindo ili kulainisha nyuso au kuzitandaza, roboti hupanga mwendo juu ya manifoldi, na mwaka 1945 C. R. Rao alionyesha kwamba familia ya mgawanyo wa uwezekano inaweza kupewa metriki, jambo lililozaa jiometri ya taarifa. Kwa upande wa ajira niseme wazi: ni nadra tangazo la kazi kulitaja somo hili kwa jina. Linakupa nguvu likiambatana na fizikia, uhandisi, takwimu au programu.

Ni sawa na jiometri ya aljebra?

Hapana. Ile huchunguza maumbo yanayotokana na polinomia, kwa zana za aljebra. Zinakutana kwenye nambari changamano, lakini hilo ni la baadaye.

Bado kuna la kugundua, au yote yalishamalizwa na Gauss na Riemann?

Bado lipo, na mengine yamepatikana juzi tu. Mwaka 1982 Richard Hamilton alianzisha mtiririko wa Ricci, mlinganyo unaoiacha metriki ijisawazishe kufuata mpindo wake. Kati ya mwaka 2002 na 2003 Grigori Perelman aliutumia kuthibitisha dhana ya Poincaré ya mwaka 1904, kwamba umbo la dimensheni 3 lililojifunga, ambalo kila kitanzi ndani yake kinaweza kukazwa hadi nukta, ni tufe; kisha akaikataa Nishani ya Fields, tuzo kubwa ya hisabati, mwaka 2006 na zawadi ya dola milioni moja mwaka 2010. Mwaka 2012 Fernando Codá Marques na André Neves walithibitisha dhana ya Willmore ya mwaka 1965, juu ya bangili gani iliyopinda kwa uchache kuliko zote. Maryam Mirzakhani alipata Nishani ya Fields mwaka 2014 kwa kazi iliyohusu nyuso zenye mpindo hasi, na Karen Uhlenbeck akapata Tuzo ya Abel mwaka 2019.

Kuna swali la Hopf ambalo ni rahisi kulitamka na hakuna aliyelijibu. Chukua zao la matufe mawili ya dimensheni 2, yaani umbo ambalo kila nukta yake ni jozi ya nukta, moja kutoka kila tufe. Je, laweza kupewa metriki yenye mpindo chanya katika kila upande?

Na anayedhani haya ni ya maprofesa tu amtazame John Milnor. Alikuwa bado mwanafunzi wa shahada ya kwanza huko Princeton alipothibitisha kwamba mstari uliofungwa fundo lazima uwe na jumla ya mpindo inayozidi 4π. Kazi hiyo ilichapishwa mwaka 1950. István Fáry alikuwa ameifikia kwa njia yake mwaka 1949.

Naweza kutumia kompyuta kukokotoa?

Tumia, baada ya kufanya mfano mmoja kwa mkono. Programu ya aljebra itakuonyesha kosa la alama ulilolitafuta saa nzima. Haitakuambia kwa nini K imetoka 0.

Nifanye zoezi gani kabla muhula haujaanza?

Bangili. Ina kila kitu na haihitaji zaidi ya sine na kosine.

Chukua duara la nusukipenyo r, ulizungushe kuzunguka jira iliyo umbali R kutoka kitovu chake, R ikiwa kubwa kuliko r. Uso unaotokea ni ((R + r cos v) cos u, (R + r cos v) sin u, r sin v). Tofautisha kwa u, kisha kwa v, na uzidishe vekta hizo kwa nukta. Utapata metriki ds² = (R + r cos v)² du² + r² dv². Endelea hadi kwenye mpindo. Kurasa mbili zinatosha, na ukifika salama utakuwa na

K = cos v / ( r (R + r cos v) ).

Ikague. Ukingoni kwa nje, v = 0, K ni chanya, 1/(r(R + r)). Ndani, kwenye tundu, v = π, K ni hasi, −1/(r(R − r)). Juu kabisa, pale ambapo bangili ingelala kwenye meza ukiigeuza, K ni 0. Jiulize kwa nini thamani ya ndani ni kubwa kuliko ya nje ukiacha alama.

Kisha tafuta eneo dogo, dA = r (R + r cos v) du dv, na ulizidishe kwa K. Karibu kila kitu kinakatana na kubaki cos v du dv. Ipigie intigrali kutoka 0 hadi 2π kwa vigeu vyote viwili. Gauss–Bonnet inadai jibu gani? Igawe bangili kuwa pembetatu, hesabu vipeo, kingo na sura, na ulinganishe. Kama majibu hayakubaliani, kosa mara nyingi liko kwenye kuhesabu kingo: kila ukingo ni wa pembetatu mbili, nao huhesabiwa mara moja tu.